Jibu Sahihi. Swali Liko Wapi?

Maneno hayo yameandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari la mpwa wangu, na mpaka sasa yananiwasha kama upupu. Yalisomwa kwa sauti, uani, wakati dada yangu anapakua makande, jirani amekuja kuomba chumvi na akaamua kukaa, na fundi yuko juu ya bati anasikia kila kitu. "Mjomba, mwalimu anauliza swali liko wapi." Fundi akaacha kugonga misumari ili asikilize vizuri.

Swali lilikuwepo. Kazi ya nyumbani ilisema ukurasa wa 47, swali la 6. Kitabu kipya kilibaki shuleni, kwa hiyo huku nyumbani Kighare, Upareni, tukatumia cha kaka yake: jina lile lile, darasa lile lile, kimevalishwa gazeti. Ukurasa wa 47, swali la 6: 12 − 3 + 4.

Hapo nikapandwa na mzuka, maana swali hilo ni dogo kwa macho tu. Kila aliyepita shule ya msingi nchini Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Sasa ifuate kama amri ya jeshi uone. JU imetangulia TO, basi jumlisha kwanza: 3 na 4 ni 7, 12 toa 7, umebaki na 5. Lakini mwenye machungwa 12 akila 3, kisha akaongezewa 4, ana 13, na ukimwambia ana 5 atamtafuta mwizi. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Anayetangulia ni aliye kushoto. Kugawanya na kuzidisha ni hivyo hivyo, ila huko kuna maajabu: kutanguliza GA hakuharibu chochote. Chukua 24 × 6 ÷ 3. Gawanya kwanza, 6 kwa 3 ni 2, mara 24 ni 48. Nenda kushoto kulia, 144 kwa 3, ni 48 vile vile. Wamarekani kifupi chao kinatanguliza kuzidisha, na anayekikariri kikasuku akipewa 24 ÷ 6 × 2 anapata 2 badala ya 8. Yetu ni salama kiunoni, mtego uko mkiani. Ingekuwa MAGAZITOJU, jibu lisingeharibika kamwe, ila mtoto akipewa 5 + 2 − 4 angelazimika kutoa 4 kwenye 2, akutane na namba hasi kabla hajazoea namba chanya. Nadhani aliyeitunga alimhurumia mtoto, au alipenda tu inavyotamkika.

Yote hayo mpwa wangu aliyaandika. Machungwa aliyachora, yaliyoliwa akayakata kwa mstari.

Kwenye toleo jipya, ukurasa wa 47, swali la 6, unatafuta mzingo wa shamba la mstatili.

Jioni yake niliazima kitabu kipya nikaviweka viwili pamoja mezani. Shamba lile lipo hata kwenye cha zamani, ukurasa wa 61, limepunguzwa mita chache upande mmoja, sijui lilipitiwa na barabara. Hesabu za sehemu zimehamishwa kutoka katikati zimepelekwa mbele. Mama aliyekuwa ananunua sukari sasa ananunua vocha ya simu, na chenji yake bado ina utata. Ndani ya sanduku la marehemu mama kilipatikana cha zamani zaidi, chenye hesabu za senti. Nikamweleza mpwa kuhusu sarafu ya senti 20 yenye mbuni na ya 50 yenye sungura. Akauliza kwa nini mbuni alikuwa rahisi kuliko sungura.

Najua mitaala hubadilika. Mwaka 2017 serikali iliviondoa shuleni vitabu vya kiada vilivyokuwa na makosa, na ilistahili. Sera ya elimu imetolewa upya 2023, mtaala mpya ukaanza Januari 2024, na elimu ya msingi inashuka kuwa miaka sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Hayo yana sababu. Lakini kulihamisha shamba kutoka ukurasa wa 61 kwenda wa 47 kumemfaidisha nani? Zamani kitabu kimoja kilimsomesha kifungua mimba mpaka kitinda mimba. Leo mtu anauza tangawizi anunue kitabu, na mdogo mtu akifika darasa lile kinafungiwa karanga. Saba mara nane bado ni 56.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sawa. Mwaka 1945 wazee wetu kwa maelfu walienda kupiga kambi Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya mtu. Walitaka hesabu inayoeleweka. Na mimi nataka hiyo hiyo.

Kazi za nyumbani hazikuishia hapo: somo la saa lilifuata, mimi na mpwa tukanuniana. Vipimo vya ujazo vilimwaga maziwa ya dada.

Mwisho nikashuka Same kununua kipya. Muuzaji akaniwekea nakala mbili zenye jalada moja.

"Unataka toleo la zamani au jipya?"

Nikamuuliza la zamani ni la lini.

"La mwaka jana, mzee wangu."