Msimpe Kijana Kitabu Hiki Kama Mna la Kuficha

Sisi watu wazima huwapa vijana vitabu kama tunavyowapa dawa ya minyoo: kwa nguvu, na wenyewe hatujaimeza. Mimi nilichoshwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu, ninayeishi naye, anayeanika kila kitu mtandaoni, hadi ugali ukiwa bado unasongwa. Nikamtafutia riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four. Nikamwambia, "Soma, uone mwisho wa kuanikwa."

Orwell ni yule yule wa Shamba la Wanyama. Hii nyingine aliitoa 1949, na kifua kikuu kikamchukua Januari iliyofuata. Humo yumo Winston Smith, mkazi wa London ambaye runinga yake ya ukutani humtazama yeye. Haizimiki, unapunguza sauti tu. Asubuhi akilegea kwenye mazoezi, mwalimu wa ndani ya runinga anamfokea ainame vizuri. Kila ukuta una picha ya mtawala wao, Kaka Mkubwa. Serikali inapunguza mgawo wa chokoleti kutoka gramu 30 hadi 20, na kesho yake watu wanaandamana kushukuru kwamba umepandishwa hadi 20.

Nilitegemea binti huyo ataitupa simu kabatini. Wapi! Alikuja na kitabu mkononi, kidole kwenye ukurasa wa chokoleti.

"Shikamoo mjomba. Januari si ulinipunguzia elfu mbili kwenye hela ya matumizi?"

"Marahaba. Hali ilikuwa ngumu."

"Machi ukaniongezea elfu moja, ukataka nikushukuru mbele ya wageni."

Nikakohoa. Akaendelea: na ile programu ya kuonyesha yuko wapi, nani aliiweka kwenye simu yake? Nikamwambia ni kwa usalama wake. Akaandika jibu langu kwenye daftari!

Na hapo hajawagusa majirani. Orwell alihangaika bure na runinga zake. Mtaani kwetu mama wa genge anajua umeshuka kwenye bodaboda ya nani kabla hujalipa nauli, na taarifa inafika nyumbani kabla yako.

Kilichoniumiza zaidi ni Parsons, jirani yake Winston. Binti yake wa miaka saba anamsikia kwenye tundu la kitasa akimtukana Kaka Mkubwa usingizini, anakwenda kumshtaki. Baba anaishia rumande, na bado anajivunia malezi yake! Mpwa wangu alikuwa akisoma kwa sauti. Kitinda mimba wangu, ambaye hujifanya anachora, akainua kichwa: "Alipewa zawadi gani?" Mama yake akacheka. Mimi sikucheka, kwani nakoroma, na nasikia huwa naongea usingizini.

Hata hivyo, wapeni vijana kitabu hiki. Mtu mzima akikisoma anawaza serikali za mbali. Kijana anachunguzwa na mwalimu, mzazi, jirani na simu kwa siku moja, kwa hiyo hahitaji kuelezwa. Nunueni cha karatasi, kwa sababu mwaka 2009 Amazon ilikifuta kitabu hiki hiki kwenye Kindle za watu waliokwisha kukilipia, kwa mzozo wa hakimiliki. Ilirudisha fedha, kisha ikaomba radhi.

Mimi nimetakiwa kuomba radhi pia, kwa maandishi, pamoja na kurudisha ile elfu moja iliyobaki. Nimepewa hadi Ijumaa.