Jua la Mbaazi

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii tumeitumia vizazi na vizazi kuucheka mbaazi, na sijasikia hata mmoja aliyesimama kulishukuru jua. Lakini fikiria: jua lisingekuwepo, mbaazi ungesingizia nini? Ungebaki kuitazama mizizi yake mwenyewe, na pengine ungenyauka kwa aibu kabla ya kunyauka kwa kiu. Jua huchoma, hutukanwa, na kesho yake huchomoza bila kinyongo. Leo nimekuja kulisifu. Kwa jina la uwanjani linaitwa refa mbovu.

Sifa zake nitaziimbia mbali, Marekani, kwenye mpira wa vyuo vikuu. Ni ule mpira wao wenye umbo la yai, unaobebwa kwa mikono karibu muda wote na bado ukaitwa wa miguu. Msimu ukianza mwishoni mwa Agosti, kila Jumamosi miji mizima huhamia uwanjani. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi 107,601. Jaza watu 60,000 wa Uwanja wa Benjamin Mkapa humo ndani, na bado utabaki na viti vya kukaribisha ukoo, wakwe na wadeni wako. Wachezaji ni wanafunzi. Mashabiki ni kila mtu: waliohitimu pale, waliofukuzwa pale, na wale ambao hawajawahi kuuona hata mlango wa maktaba yake. Kati yao wamo waamuzi wanane waliovaa mashati ya milia myeusi na myeupe, na ndiyo maana huitwa pundamilia. Kila mmoja ana kitambaa cha njano kiunoni. Kitambaa kikidondoka, watu laki moja wanageuka mawakili.

Fadhila ya kwanza ya refa mbovu ni kubeba. Kwetu timu ikipendelewa tunasema imebebwa, refa katoa mbeleko. Tunachosahau ni kwamba mbeleko hiyo hutosha wawili. Mshindi hubebwa dakika chache tu, mpaka mchezo uishe. Aliyeshindwa hubebwa maisha.

Wanaolijua hili vizuri ni watu wa Oklahoma. Septemba 16, 2006, walikuwa ugenini Oregon wakiongoza 33–20 na mchezo uko ukingoni. Oregon wakafunga, ikawa 33–27. Kisha wakaanzisha kwa mpira mfupi, ule ambao timu inayoupiga hairuhusiwi kuugusa kabla haujasafiri yadi 10. Kijana wa Oregon akaugusa mapema. Juu ya hapo, mpira wenyewe ukaishia mikononi mwa kijana wa Oklahoma. Waamuzi wakatazama, wakaenda kutazama tena kwenye video, wakatafakari, kisha wakawapa Oregon. Oregon wakafunga tena: 34–33. Rais wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, David Boren, mtu aliyewahi kuwa gavana na seneta, akaandika barua kuomba mchezo ule ufutwe kwenye kumbukumbu. Haukufutwa. Waamuzi wakasimamishwa mchezo mmoja.

Sasa niulize kwa adabu. Nani aliruhusu timu iliyokuwa nyuma kwa pointi 13 ifunge mara mbili saa ya lala salama? Na nani, baada ya dhuluma yote ile, bado alipata nafasi ya mwisho ya kuupitisha mpira kati ya nguzo kutoka yadi 44, ukazuiwa? Ni Oklahoma hao hao. Lakini mtajie shabiki wa Oklahoma shuti lile lililozuiwa, atakutazama kama mtu uliyempa pole kwa msiba usio wake. Refa amelifunika. Kosa moja la mwenye milia limewasafisha walinzi, kocha na mpigaji, wote kwa mkupuo. Ni sabuni gani nyingine inayofanya hivyo?

Nikiri kwamba mwamuzi wa video wa siku ile alipigiwa simu za kutishiwa kuuawa, na hapo utani unakoma. Jua unaruhusiwa kulisingizia. Kulirushia mkuki ni wazimu.

Fadhila ya pili ni kuunganisha. Mhubiri, profesa, fundi bomba na mtalaka wake, ambao hawakubaliani juu ya kodi, dini wala namna ya kuchoma nyama, wataliimba pamoja neno moja lisiloandikika hapa pale kitambaa kinapodondoka vibaya. Oktoba 16, 2021, mjini Knoxville, Chuo Kikuu cha Tennessee kilikuwa nyuma dhidi ya Ole Miss kikihitaji yadi 24 katika jaribio la mwisho ili kibaki na mpira. Mchezaji wao akadaka, akajivuta, akaangushwa. Waamuzi wakapima na kusema hajafika. Jukwaa likapima kwa macho na kusema amefika. Chupa zikaanza kunyesha. Ukatua mpira wa gofu. Ikatua pia chupa ya haradali. Mchezo ukasimama kama dakika 20, Ole Miss wakashinda 31–26, na chuo kikapigwa faini ya dola 250,000.

Gofu naielewa, kuna watu huzunguka na mipira yake mfukoni. Haradali ndiyo inayonitoa machozi. Chupa iliyokuwa mkononi mwa mwenzake ilikuwa ya maji, na maji yana bomba. Huyu wa haradali alikubali kula soseji yake kavu kwa ajili ya haki. Nionyesheni refa mzuri aliyewahi kuamsha moyo wa kujitolea namna hiyo.

Lakini fadhila hii ina mtego, nao uliwanasa watu wa Texas. Oktoba 19, 2024, mjini Austin, walinyang'anya pasi ya Georgia na kukimbia nayo hadi karibu na mstari wa kufungia. Kitambaa kikadondoka: Texas wamecheza rafu, mpira urudi kwa Georgia. Chupa zikaruka, mchezo ukasimama uwanja ufagiliwe, na katika kusubiri huko waamuzi wakakutana, wakanong'ona, wakakifuta kitambaa chao wenyewe. Texas wakarudishiwa mpira, wakafunga. Kisha wakafungwa, 30–15, na faini ya dola 250,000 wakalipa. Huo ndio unyama wa refa anayejirekebisha. Amekupa ulichodai, umeshindwa vilevile, na njia ya kurudi nyumbani ni ndefu ukiwa huna wa kumtukana.

Fadhila ya tatu ni elimu. Chuo humchukua kijana miaka minne na kumrudisha na shahada moja. Refa mbovu humpa shabiki shahada tatu usiku mmoja: sheria, jiometri na tiba ya mifupa. Kufika Jumapili asubuhi, mtu ambaye Ijumaa alishindwa kusoma bili ya umeme anakueleza goti liligusa nyasi sehemu gani ya sekunde, kamera ilikaa pembe gani, na kanuni inasema nini.

Goti la mmoja limetahiniwa zaidi ya miaka 40 sasa. Novemba 20, 1982, mjini Berkeley, Stanford waliongoza 20–19 zikiwa zimebaki sekunde nne. Walipouanzisha mpira, California wakaupokea na kuanza kupasiana kurudi nyuma, pasi tano. Bendi ya Stanford, ikidhani kumekwisha, ilikuwa imeshaingia uwanjani na matarumbeta yake. Mchezaji wa mwisho wa California akapenya katikati ya wanamuziki, akafunga, na kumwangukia mpiga trombone. Matokeo 25–20. Stanford wanashikilia kwamba goti la kijana mmoja wa California lilishagusa chini kabla hajaachia pasi. Vyuo hivi viwili hushindania shoka, na kibao chake huorodhesha matokeo ya miaka yote. Shoka likiwa California, mwaka 1982 unasomeka 25–20. Likihamia Stanford, unabadilishwa kuwa 20–19. Swali la bendi ya nani ilikuwa inatafuta nini uwanjani, kibao hakina nafasi ya kulijibu.

Wazee watanikumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nakubali, wazee wangu, ila methali hiyo inamhusu mshindani. Shabiki hajashindana na mtu. Hakukimbia, hakuangushwa, hakukosa pasi. Kazi yake ilikuwa kupenda, na mwenye kupenda akiachwa hutafuta mchawi, hatafuti sababu.

Nimebakiza ushahidi wa mwisho. Katika mpira huu timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ni manne tu; mtoto wa chekechea anayamaliza kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kinabaki. Novemba 16, 1940, mwamuzi alikitumia hicho kilichobaki. Cornell, ambao walikuwa hawajafungwa katika michezo 18, walipewa jaribio la tano dhidi ya Dartmouth, wakafunga sekunde za mwisho na kushinda 7–3. Filamu ilipotazamwa, mwamuzi akakiri kosa lake, na Cornell wakatuma simu ya maandishi kuukataa ushindi. Vitabu vinasema Dartmouth 3, Cornell 0. Kila mtu akasifiwa kwa uungwana, na watu wa Dartmouth wakabaki hawana cha kulilia.

Miaka 50 baadaye, Oktoba 6, 1990, mjini Columbia, Missouri, kidole kikahesabiwa tena. Kibao cha kuonyesha majaribio kilisahauliwa kugeuzwa, Colorado wakapewa la tano, wakafunga muda ukiyoyoma na kushinda 33–31. Waamuzi walisimamishwa. Matokeo hayakuguswa, na mwisho wa msimu Colorado wakagawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech. Hakuna simu iliyotumwa. Kwa hiyo Missouri ni matajiri hadi leo: wana kidonda kisichokauka, na wajukuu wanakirithi wakiwa bado wananyonya. Na yule mshindi? Kocha wa Colorado, Bill McCartney, ambaye ujanani aliichezea Missouri hiyo hiyo, alitoka uwanjani na ushindi mkononi, majaribio matano kibindoni, akawaambia waandishi kwamba uwanja ulikuwa unateleza.