Redio ya Ukoo

Ukoo wetu hauandiki, unarekodi. Shangazi yangu wa Tanga hawezi kusema "maharage yamefika" chini ya dakika tisa. Baba Mdogo naye akishika habari za shamba la Muheza, haachi mpaka bando limwishie. Voisi zote hizo zinatua kwenye simu yangu, nami nazisikiliza ndani ya daladala, Mbagala hadi Posta. Sasa pigiwa simu pale Mtoni: ukirudi, mara nyingine Shangazi kaanza upya kwenye salamu. Na salamu zake peke yake zinakufikisha Kariakoo.

Programu za podikasti hukumbuka ulipoishia. Ndipo mpwa wangu akasema sauti hizo zigeuzwe podikasti yangu binafsi, zijipange na kujipakia zenyewe kila usiku, nisiguse kitu. "Kazi ya dakika tano tu, Mjomba." Tangu hapo sijalala mapema.

Kumbe mlisho wa podikasti ni faili la maandishi tu: jina la kipindi, tarehe, anwani sauti ilipowekwa, na ukubwa wake kwa baiti. Mambo ya kubandika sauti humo aliyaanzisha Mmarekani Dave Winer mnamo mwaka 2000, na simlaumu. Hakuwa na shangazi Tanga. Voisi za WhatsApp nazo huja kwa mtindo wa opus, ambao si kila programu ya podikasti inaucheza, kwa hiyo kuna kijiprogramu cha bure, ffmpeg, kinazigeuza kuwa MP3. Hicho kinafanya kazi vizuri mno, hakina hata pa kukilalamikia.

Balaa liko kwenye tarehe. Mlisho unazitaka siku kwa Kiingereza, herufi tatu tatu: andika Tue, ukiandika Jumanne umejisumbua. Skripti ya mpwa nayo ikikosa tarehe inaweka sifuri, na sifuri ya kompyuta ni tarehe 1 Januari 1970, kwa saa zetu ikiwa saa tisa za usiku. Baba Mdogo kazaliwa 1974. Kwa mujibu wa simu yangu, alishaanza kugombea mipaka ya shamba miaka minne kabla, tena alfajiri haijaingia.

Halafu kuna alama ya &. Binamu alituma rekodi akaiita "Harusi ya Mwajuma & Hamisi". Basi alama hiyo moja, ikiachwa kavu namna hiyo, inaangusha mlisho mzima. Haikupotea harusi peke yake, lilipotea shamba, yakapotea maharage, ukoo wote kimya. Lazima uandike & ndipo mashine iridhike. Shehe aliwaunganisha wale watoto mbele ya mashahidi wawili akamaliza. Mashine inataka herufi tatu na nuktamkato juu yake.

Na hata vipindi vikikaa sawa, programu inaweka kipya juu. Shangazi husimulia kisa kimoja kwa voisi nne mfululizo. Kwangu kinaanza hivi: "Basi mwanangu, mimi nimeshamsamehe." Inafuata ya mjumbe wa nyumba kumi kuitwa usiku. Inafuata ya jirani na jogoo. Ukifika Posta ndipo unapoulizwa hali yako na ya watoto. Ipo sehemu ya kugeuza mpangilio, imefichwa ndani ya menyu kama hirizi.

Mlisho ulikuwa wa siri, una anwani ndefu isiyobahatishika. Mpwa akaitupa kwenye kundi la ukoo, "ili na wengine wafaidi." Sasa napigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi: "Mwanangu, kipindi changu cha jana mbona sikioni?" Shangazi siku hizi haanzi na salamu, anaanza na "wasikilizaji wapendwa", na juzi kaniuliza wanaomsikiliza ni wangapi, na wangapi kati yao wa upande wa mke wangu.

Baba Mdogo kakasirika. Hataki kuchanganywa na dada yake. Anataka mlisho wake mwenyewe, wenye picha yake, uwe tayari kabla ya Ijumaa. Picha ya podikasti sharti iwe mraba. Ya kwake kapigwa wima, kasimama na kanzu chini ya mnazi, na ameshaniambia: mnazi usikatwe, ndio ushahidi wa mpaka.