Mgonjwa ni Mwenye Nyoka

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, wakamaliza. Methali hiyo haijafika Marekani, Uingereza wala Ujerumani, ambako watu hufuga nyoka sebuleni kama sisi tunavyofuga kuku uani. Huko mtoto wa nyoka ni mtoto. Hupewa jina, hupigwa picha, hupimwa kwa mzani uleule wa unga wa keki, na akikataa mlo mmoja nyumba nzima hukosa usingizi. Sina ugomvi na mapenzi hayo. Ninachodai ni kwamba maradhi mengi madogomadogo ya kitoto cha nyoka huletwa na huruma ya anayemlea, au hurefushwa nayo, na kwamba dawa ya kwanza ni kumwambia mlezi aondoe mikono.

Chukua nyoka wa mahindi, yule ambaye wataalamu humwita Pantherophis guttatus. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, hana sumu, na ndiye ambaye wanaoanza ufugaji hushauriwa kumnunua. Mama hutaga mayai yake, huyaficha mahali penye unyevu na joto, kisha huenda zake. Habari za malezi hazimhusu. Baada ya miezi miwili hivi kitoto hupasua ganda kwa kijino cha muda, hutoa pua, huitazama dunia, na mara nyingi hurudi ndani akakaa humo siku nzima au zaidi. Ungekuwa wewe ungefanya hivyohivyo. Lakini mwenye mayai huona amekwama, akaleta mkasi. Kumbe mle ndani mtoto anamalizia kufyonza kiini cha yai, akiba itakayomlisha siku zake za mwanzo, na anayemvuta nje kabla ya wakati ndiye anayempa jeraha la tumbo ambalo hakuzaliwa nalo.

Akishatoka, ana urefu wa sentimita 20 hadi 30 na unene wa penseli, na kwa wiki nzima au zaidi hataki chakula chochote. Wala hana njaa: kiini kile bado kinafanya kazi, na desturi yake ni kujivua gamba kwanza ndipo ale. Baada ya hapo huandaliwa kitoto cha panya kisichoota manyoya, kilichokaa kwenye friza jirani na aiskrimu na kuyeyushwa kwa maji ya moto. Wapo wanaokimeza mara moja. Wapo wanaokiangalia kama mgeni aliyeandaliwa ugali wa jana. Si ajabu, kwa sababu porini wadogo hawa hula zaidi mijusi na vyura wadogo, na panya hawamjui. Hapo ndipo utamkuta mtu mzima, mwenye kazi na bima ya afya, amesimama kwenye sinki akimwogesha panya mfu kwa sabuni isiyo na manukato ili harufu ya upanya imtoke, kisha akimsugua kwa mjusi ili anukie kimjusi. Tuwe wa haki: mbinu hiyo hufanya kazi mara nyingi. Isiyofanya kazi ni ile inayofuata, ya mlezi kukaa usiku kucha na koleo mkononi akimchezesha panya mbele ya pua ya mtoto. Kwa kiumbe chenye uzito wa gramu chache tu, binadamu aliyeinama juu yake ni mwewe. Mbinu inayosaidia wengi ni ya kivivu mno hata inaudhi: mweke na panya wake ndani ya kikopo kidogo chenye matundu ya hewa, mahali penye giza na joto la kutosha, funga, nenda kalale. Asubuhi mara nyingi panya hayupo.

Kisha macho. Siku chache kabla ya kujivua gamba, macho ya nyoka hufanya ukungu wa kibuluu na ngozi hufifia, na mlezi mpya huapa kwamba mnyama wake ana mtoto wa jicho. Nyoka hana kope. Kila jicho limefunikwa na gamba angavu, nalo hubanduka pamoja na mengine. Likibaki kipande machoni au kwenye ncha ya mkia, sababu ya kawaida ni hewa kavu, na tiba ni kisanduku chenye taulo la karatasi lililoloweshwa maji ya uvuguvugu. Kinachoharibu jicho ni kibanio cha nyusi. Subira inatakiwa; Watanzania wanaokumbuka siasa za “kujivua gamba” za mwaka 2011 wanajua kwamba gamba halivuki kwa tamko.

Kutapika ndiko kunakonipa ushahidi mzito zaidi. Kitoto hutapika kwa sababu amepewa panya mkubwa kupita kiasi, au joto limepungua, au ameshikwashikwa na kuonyeshwa wageni siku hiyohiyo aliyokula. Ushauri wa wafugaji wenye uzoefu ni kumwacha siku 10 hivi, kisha kumpa mlo mdogo zaidi. Mwenye huruma hawezi kungoja, humlisha tena kesho yake. Tumbo ambalo halijapona hurudisha tena, na mnyama huzidi kudhoofu.

Kuna watakaosema haya ni mafundisho ya uvivu, na kwamba porini vitoto vingi hufa kwa kukosa mtu wa kuwatazama. Ni kweli hufa wengi. Lakini huishia matumboni mwa ndege, mamalia na nyoka wenzao, na hapana mtoto wa nyoka porini aliyekufa kwa kukosa kubebwa. Uvivu ninaoutetea una kazi zake: themostati na kipimajoto, upande mmoja wa kisanduku uwe nyuzi 28 hadi 30 na mwingine uwe baridi kidogo, maji safi, mahali pa kujificha, kifuniko kisichoacha mwanya, na kunawa mikono, maana reptilia hubeba salmonela. Ule mzani wa unga nao uwe wake peke yake. Keki zipimwe kwingine.

Yapo pia magonjwa ambayo subira haiyaponyi. Akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu puani, akitapika mara ya pili, au uzito ukishuka wiki baada ya wiki, mtafutie daktari wa mifugo anayejua reptilia, na mtafute kabla hujamhitaji kwa sababu ni wachache. Ikiwa hana hata dalili moja kati ya hizo, funika kisanduku ukalale.