Nyundo Haina Kosa

Katika zana zote za karakana ya mhunzi, yaani fundi afuaye chuma kwa moto, hakuna inayolaumiwa zaidi ya nyundo. Koleo likiteleza, fundi hulinyoosha. Mivukuto ikitoboka, hutiwa kiraka. Lakini kidole gumba kikigongwa, nyundo hutupwa chini, hutukanwa pamoja na ukoo wake wote, na aliyeishika huwaeleza waliopo kwamba chombo hicho hakijawahi kuwa na nia njema. Hata hivyo, mtu akizichunguza ajali hizo bila hasira, ataona kwamba nyundo karibu kila mara imetii kanuni za maumbile barabara, na kwamba kosa lilikwisha kufanyika zamani, ama dukani wakati wa kuichagua, ama kwenye mpini wakati wa kuutia, ama motoni wakati wa kuiunda.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na yumkini msemo huo ndio uliowaponza wanagenzi wengi wa uhunzi, ambao hufika dukani wakachukua nyundo kubwa kuliko zote kwa imani kwamba uzito wake ni kipimo cha ushujaa wa mwenye kuinunua. Fizikia haiafikiani nao. Nishati ya pigo huongezeka kwa kadiri ya uzito wa nyundo, lakini huongezeka kwa mraba wa kasi yake, maana yake ni kwamba nyundo yenye uzito maradufu hutoa nishati mara 2, ilhali nyundo ileile ikienda kwa kasi maradufu hutoa nishati mara 4. Kwa hiyo fundi mwenye nyundo ya kilo 1, au hata ya ratili 2 ambayo ni kama gramu 900, akiipeleka kwa wepesi na kuifikisha panapotakiwa, humaliza kufua panga lake wakati jirani yake mwenye nyundo ya kilo 3 bado anatafuta pa kuketi.

Nyundo nzito ina mahali pake, napo ni mikononi mwa msaidizi, ambaye huishika kwa mikono miwili na kupiga pale fundi mkuu alipoonyesha kwa kugusa na nyundo yake ndogo. Utaratibu huu ni mzuri maadamu msaidizi anasubiri mkono wa fundi uondoke. Msaidizi mwenye bidii ya kupita kiasi hupiga mapema, zikakutana nyundo mbili ambazo nyuso zake zimekazwa kwa moto, na kwa kuwa chuma kilichokazwa ni kigumu lakini hakina uvumilivu, chembe kali huweza kumeguka na kuruka kwa kasi isiyotoa nafasi ya kuombana radhi. Hii ndiyo sababu miwani ya kukinga macho huvaliwa machoni, wala si kwenye paji la uso, mahali inapopendwa zaidi.

Umbo nalo lina hukumu yake. Nyundo ya mhunzi ina uso bapa upande mmoja, na upande wa nyuma ina ukingo mwembamba uliolala kukingama mpini, ambao kazi yake ni kukisukuma chuma kitandazike na kurefuka kuelekea upande mmoja badala ya kutawanyika pande zote. Nyundo ya mekanika ina donge la mviringo nyuma, ambalo hutengeneza vichwa vya ribiti. Nyundo ya seremala ina pembe mbili za kung'olea misumari, na mwanagenzi anayeamua kuifulia chuma ili kubana matumizi husahau kwamba kila pigo kwenye fuawe, lile pande la chuma linalopigiwa kazi, hurudisha nyundo juu, na kwamba inaporudi juu, pembe zile ndizo zinazotangulia kuelekea kwenye paji lake. Hakuna msumari hapo wa kung'olewa, lakini pembe hazina habari hiyo.

Hata nyundo iliyochaguliwa vyema haifai kutumika kama ilivyotoka dukani, kwa sababu kingo za uso wake mara nyingi huwa kali, nazo zikitua kwa mshazari huacha kwenye chuma alama za mwezi mchanga ambazo mteja huzidhania nakshi na fundi, akiulizwa, hathubutu kukanusha. Dawa yake ni tupa na msasa: kingo huzungushwa, na uso wenyewe huachiwa mbinuko mdogo sana, kiasi cha kuonekana tu rula inapolazwa juu yake.

Mpini ndio chemchemi ya misiba mikubwa. Tundu la nyundo iliyotengenezwa kwa akili ni pana kwenye midomo yote miwili na jembamba katikati, ili mpini uingie kwa kubanwa upande mmoja, kisha kabari igongomelewe upande wa pili na kuutanua mti usiweze kurudi ulikotoka. Mti ufaao ni ule ambao nyuzi zake zinakwenda mfululizo toka mwanzo hadi mwisho, na mpera ukikaushwa vizuri huifanya kazi hiyo kwa heshima. Badala ya hayo, kichwa kikianza kucheza, wengi huilaza nyundo kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mti umevimba na kichwa kimetulia kama bwana harusi, fundi anajisifu, na sifa hizo hudumu mpaka saa sita mchana, wakati joto la tanuri linapoukausha mti ambao nyuzi zake zilijiponda zenyewe zilipokuwa zikivimba ndani ya tundu lisilotanuka, ukasinyaa kuliko ulivyokuwa jana. Hapo ndipo kichwa hupaa.

Wapo wanaokata shauri na kuchomelea bomba la chuma mahali pa mpini, na ni haki kukiri kwamba kichwa cha nyundo hiyo hakitoki kamwe, jambo linalowafurahisha majirani na kuuhuzunisha mkono, kwa kuwa kila mtetemo ambao mti ungeumeza husafiri moja kwa moja hadi kwenye kiwiko. Wahunzi wa kale wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa wamekwisha kulimaliza tatizo hili kwa kuuondoa mpini wenyewe: nyundo zao nyingi zilikuwa mche mzito wa chuma ulioshikwa kwa kiganja, na kazi nzito za mwanzo zilifanywa kwa jiwe. Nyundo hizo hazikumrukia mtu, na huko Rwanda zilipata hadhi ya kuwekwa miongoni mwa alama za ufalme, cheo ambacho nyundo ya bomba bado inakisubiri.

Anayechoshwa na nyundo za dukani huamua kuunda yake, na hapo hugundua kwamba anahitaji nyundo ili kupata nyundo. Malighafi si tatizo, kwani ekseli ya gari iliyotupwa kwenye chuma chakavu huwa na feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kutosha kukubali kukazwa. Kipande hupashwa moto hadi kiwe rangi ya chungwa, kisha tundu hutobolewa kwa tindo nene: mapigo machache, tindo huchovywa majini isilainike, mapigo mengine, na baada ya hapo kipande hugeuzwa. Upande wa pili huonekana doa jeusi mahali ambapo tindo imekibana chuma kikapoa upesi, na fundi akilenga doa hilo na kupiga, kijipande kidogo chekundu hudondoka na kubiringika sakafuni. Vijipande hivyo vina mazoea ya kubiringika kuelekea miguuni, na fundi aliyevaa katambuga hucheza ngoma ambayo hajawahi kufundishwa unyagoni.

Mwisho huja kukaza uso. Feleji ikifikia joto la nyuzi 770 hivi za Selsiasi huacha kuvutwa na sumaku, kwa hiyo sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu humwarifu fundi kwamba wakati unakaribia; moto huongezwa kidogo, kisha uso hutumbukizwa kwenye mafuta. Asiye na subira huishia hapo, akaipata nyundo ngumu kama kioo, na pigo lake la kwanza likaigawanya mali yake mara mbili. Mwenye subira huupitisha mche wa moto ndani ya tundu, akautazama uso uliosuguliwa ukigeuka rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi 220 hivi, na kabla haujafika kwenye buluu ya nyuzi 300 huisimamisha safari hiyo. Kwa njia hiyo uso hubaki mgumu na kiini hubaki na ustahimilivu.

Nyundo ikishapatikana kwa taabu hiyo, jirani huja kuiazima apasue kokoto, akairudisha bila mpini na kusema kwamba aliikuta hivyo.

Kwa hayo yote, hukumu ni kwamba nyundo haina kosa, bali ni shahidi mwaminifu wa makosa ya wenye mikono. Fundi na aukague mpini kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, aachane na ndoo ya maji, na aikatae nyundo asiyoweza kuipiga saa nzima bila kuchoka. Naye msomaji atakayekwenda kutazama chuma kikifuliwa anaombwa asimame ubavuni mwa fundi, wala asisimame mbele yake au nyuma yake, kwa kuwa hizo ndizo njia mbili inazopita nyundo ikiamua kusafiri.