Sifa za Potopoto ya Barabara ya Yangambi

Watu wa pwani humwita matope. Sisi wa Kisangani tunamwita potopoto, na ukilitamka jina taratibu unasikia mguu ukizama na kuchomoka. Washairi wamesifu mwezi, minazi na wake za watu. Kiumbe huyu, anayeingia hadi sebuleni kila Oktoba bila hodi, sijamsikia akipewa hata ubeti. Leo nalipa deni.

Yangambi iko kilomita 100 hivi kutoka mjini, ukifuata mto Kongo kwenda chini, ukingo wa kulia. Nilimpeleka mgeni wangu, mwalimu wa historia, akaone magofu ya Wabelgiji. Tuliondoka alfajiri na mvua. Kwenye mto Lindi tukangoja baki, kivuko cha magari, mpaka maneno yakatuishia. Ng'ambo, hata nusu saa haikutimia, gari likapiga magoti.

Lilipiga magoti kwa adabu, kama mtu anayeingia kanisani: gurudumu la kushoto, la kulia, kisha mlango wangu ukakataa kufunguka. Potopoto alikuwa mwekundu, laini kama lituma ya ndizi iliyotwangwa na bibi harusi aliyejua mama mkwe anamtazama. Hapo hapo vijana sita wakatokea msituni, mbao tayari mabegani. Shofere akawafokea kwamba shimo hilo wamelichimba wenyewe usiku. Mkubwa wao akamjibu kwa upole:

"Papa, potopoto ni ya Mungu. Mbao ndiyo yetu."

Nani mwingine katika nchi hii anaajiri vijana sita bila barua ya maombi? Kodi yake inalipwa papo hapo na kuliwa kijijini hapo hapo, wala haisafiri kwenda Kinshasa. Mheshimiwa na muuza makayabo, samaki wa chumvi, huvua viatu mbele yake sawasawa, na suruali zote zikitoka kwake zina rangi moja.

Ila fadhila yake kubwa tuliikuta Yangambi. Wabelgiji waliunda INEAC mwaka 1933, taasisi ya utafiti wa kilimo, wakajenga hapo maabara, nyumba za matofali na mashamba ya michikichi na kahawa. Wataalamu wao walichora ramani za udongo wa Kongo. Walimchimba potopoto, wakampima, wakampanga kwa matabaka na kumpa majina ya kitaalamu. Akavumilia. Siku hizi taasisi inaitwa INERA, na yeye, kwa msaada wa mvua ya milimita 1,800 hivi kwa mwaka, ameichukua barabara yao bila kuchora ramani yoyote.

Katika nyumba moja mti umeota jikoni ukatokea darini. Sahani ya sabuni bado imeshikamana na ukuta wa bafu, na ndani yake amekaa chura. Lakini si yote yaliyooza: katika hebariamu, sampuli za mimea mikavu zipatazo 150,000 zingali makabatini, pengine vitu pekee vikavu nilivyoviona safari nzima.

Mgeni akashangaa kuona bati nyingi bado ziko juu ya paa. "Hazijaibwaje?"

"Ungezibeba kwa barabara ipi, Mwalimu?"

Mlinzi wa makumbusho anataka mshahara, na miezi ikipita bila mshahara anaanza kuuza funguo. Potopoto halali, wala hajawahi kugoma. (Mto, nakiri, ni msaliti: mitumbwi hupita usiku, na yeye hasemi kitu.)

Nasikia tena kwamba barabara itatengenezwa. Tulisikia hivyo na mwaka jana.

Kwa hiyo ukitaka kuyaona magofu hayo, nenda Novemba, wakati mwenyeji wako yuko nyumbani. Beba kwanga ya muhogo ya siku mbili, viatu vya plastiki na noti ndogo ndogo, kwa sababu wale vijana hawarudishi chenji.