Kishonanguo Katika Kikapu cha Kuning'iniza: Barua ya Liège kwa Jamaa wa Kadutu

Watunza bustani wa Ubelgiji huyagawa maua kwa kipimo ambacho Bukavu hakina kazi, nacho ni uwezo wa kustahimili jalidi, yaani unyevu wa hewani ulioganda kuwa barafu juu ya majani. Mmea unaolala nje mwaka mzima huitwa mstahimilivu, na ule unaostawi nje wakati wa joto lakini ukafa kwa usiku mmoja wa jalidi huitwa nusu-mstahimilivu. Katika kundi hili la pili yamejaa maua ya jamii ya alizeti, ambayo kila moja, likitazamwa kwa karibu, si ua bali ni mkutano wa vijiua vingi vilivyobanana kitovuni, huku vile vya ukingoni vikijifanya petali. Kwa mji ulioko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa Kivu, ambako baridi kali ni ile ya kumtafutisha mtu sweta, mgawanyo huo ni sawa na kuwapanga mbuzi kwa uhodari wao wa kuogelea.

Barua hii imezaliwa na kikapu kimoja. Katika soko la Jumapili la La Batte mjini Liège, ukingoni mwa mto Meuse (jamaa wasilichanganye na La Botte, rasi yao, ingawa mwandishi wa barua hii huchanganya kila akiamka), vilitundikwa vikapu vya maua ya njano vyenye kibandiko kilichoandikwa Bidens. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake ni meno mawili, na mtoto yeyote wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, aliyewahi kupita njia ya mkato anayafahamu meno hayo, kwa kuwa ndiyo jenasi ya kishonanguo, ambacho vijisindano vyake vyeusi huandamana na suruali ya mtu mpaka ukweni. Kilichouzwa pale ni spishi nyingine, yenye asili ya Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani, lakini damu ni moja. Mwandishi, ambaye utotoni alichapwa kwa kukiacha kishonanguo kati ya maharagwe, alitoa yuro 8 ili akabidhiwe ndugu yake, na akashukuru.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, jua limetoka, na kikapu kikatundikwa kwenye baraza siku hiyohiyo. Kumbe ipo kanuni. Wazee wa huku hawatoi mimea nusu-mistahimilivu nje kabla ya kupita watakatifu wa barafu, ambao ni Mamerto, Pankrasi na Servasi, wenye sikukuu tarehe 11, 12 na 13 Mei, siku ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa mwisho wa jalidi. Jamaa, waliozoea watakatifu wanaoponya wagonjwa na kurudisha vitu vilivyopotea, watajiuliza inakuwaje mtakatifu apewe idara ya kuua maua. Hata hivyo Servasi alikuwa askofu wa Tongeren, mji wa jirani, na huenda alikuwa akiijua hali ya hewa ya kwao. Mwandishi aliidharau kanuni hiyo kama hadithi ya bibi. Asubuhi moja mwanzoni mwa Mei alikikuta kikapu kimelegea na kuwa cheusi mithili ya mboga za lenga-lenga zilizosahauliwa jikoni.

Ndipo likanunuliwa sanduku la kuoteshea, chombo cha plastiki chenye mfuniko angavu, tundu la kupumulia juu, na chini yake waya wa umeme unaoupasha udongo mpaka nyuzi 20, usiku na mchana. Mtu anayepiga pasi saa nane za usiku kwa sababu ndipo umeme unaporudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, asiisome sentensi hiyo mara mbili: huku umeme unawashiwa udongo ili udongo ujione uko Bukavu. Ndani yake zilipandwa mbegu za gazania, ua la Afrika Kusini lenye rangi za moto. Miche ikishaota, kanuni inadai ikomazwe, yaani itolewe nje kila asubuhi na kurudishwa ndani kila jioni kwa siku kumi hivi, kama kuku, na mwandishi anaishi ghorofa ya tatu. Muuzaji, baada ya kupokea fedha, aliongeza kwamba gazania hufumba wingu likitanda. Mbingu ya Liège jamaa wanaielewa kutokana na simu ambamo mwandishi huilalamikia.

Wiki hiyohiyo, katika pindo la kitenge kilichofungiwa sambaza wakavu ambao Mama alimpa msafiri, zilionekana mbegu tatu nyeusi zenye meno, zikinuka samaki na nyumbani. Mwandishi alikishika kitenge hicho kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kung'oa mbegu tatu, kisha akazipanda sandukuni. Siku ya tano zilikuwa zimeota zote. Gazania, hata moja. Mama anaombwa asimsomee shangazi aya hii, na kama nyuma ya jiko kimebaki kishonanguo chochote, salongo ya Jumamosi, ile kazi ya usafi ya pamoja, isikiguse mpaka kipigwe picha na picha itumwe.